Mgeni, Mji na Kikombe cha Kahawa



Sensa ya mwaka 2012 iliukuta Mkoa wa Dar es Salaam ukiwa na watu 4,364,541. Ile ya mwaka 2022 ikaukuta na watu 5,383,728. Katika miaka kumi, basi, wameongezeka watu zaidi ya milioni moja. Wako waliozaliwa hapa, na wako walioshuka kwenye basi wakiwa na begi, godoro lililokunjwa na namba ya simu ya mtu mmoja tu.

Sisi tunaohudumu katika kamati za misikiti ya katikati ya mji huwajua wageni hawa mapema, pengine kabla majirani zao hawajawajua. Hutujia na barua ya imamu wa kwao. Huulizia chumba cha kupanga, madrasa ya watoto, zahanati na kazi. Hayo tunayajibu kadiri Mwenyezi Mungu anavyotuwezesha. Lipo, hata hivyo, swali moja ambalo hawaulizi, kwa kuwa wanaliona dogo: ni wapi katika mji huu mtu anaweza kukaa, akanywa kitu cha moto, asiharakishwe, na siku ya tatu akaitwa kwa jina lake?

Juma hili tumekusudia kulijibu swali hilo lisiloulizwa. Tunaamini kwamba si dogo, na kwamba jibu lake likimfikia mume peke yake, halijaifikia nyumba.

Tuanze na neno lenyewe. Mgahawa ni neno lenye nasaba moja na kahawa, na kahawa tumeipata katika Kiarabu. Maana yake ya asili ni nyumba inywewayo kahawa, ingawa leo twaliita kwa jina hilo hata duka la wali na maharage. Kinywaji chenyewe kilipata umaarufu nchini Yemen katika karne ya 15, ambako watu wa tariqa walikinywa ili wasishindwe na usingizi katika dhikri za usiku. Kutoka huko kilifika Makka na Cairo, na kufikia katikati ya karne ya 16 nyumba za kahawa zilikwishafunguliwa Istanbul. Njiani kilikutana na upinzani. Mwaka 1511 Khair Beg, aliyesimamia mji wa Makka kwa niaba ya Wamamluki, aliwakusanya wanazuoni na kahawa ikapigwa marufuku mjini humo. Marufuku hiyo haikudumu. Linalotupasa kulizingatia ni kwamba mjadala ule haukuwa juu ya kikombe tu. Ulikuwa pia juu ya vikao: watu wanakaa na nani, wanazungumza nini, na kwa muda gani. Miaka mia tano imepita, na swali hilo la vikao lingali hai.

Hapa kwetu kahawa imekuwa alama ya mapokezi hata kabla ya birika. Kwa Wahaya wa Bukoba, buni huchemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, hukaushwa, na mgeni hupewa atafune. Anayempa mgeni buni humwambia, pasipo maneno mengi, kwamba ameonekana na amekaribishwa.

Mji wetu nao ulianza na nia kama hiyo. Boma la Kale, lililo karibu na gati la boti ziendazo Unguja, lilijengwa kwa mawe ya matumbawe katika miaka ya 1860, zama za Sayyid Majid bin Said, Sultani wa Zanzibar aliyeuasisi mji wa Dar es Salaam. Nalo lilijengwa liwe mahali pa kuwafikizia wageni wake. Basi miongoni mwa majengo makongwe kabisa yaliyosalia mjini, moja lilikuwa nyumba ya wageni. Na mtaa wa jirani, Kivukoni, umeitwa hivyo kwa kuwa ndiko watu wavukiako. Mgeni hapa si jambo la kushangaza. Ni sehemu ya msingi wa mji.

Mgeni atakaye kuuonja mji kwa kikombe, tunamshauri asubuhi ya Jumapili, wakati maduka mengi yangali yamefungwa na barabara zinapumua. Aanzie Kariakoo, ashuke kwa mguu hadi Kivukoni. Ni mwendo usiofika saa moja kwa mtu asiye na haraka, lakini katika mwendo huo anavuka miji mitatu. Wakoloni waliugawa mji huu kwa rangi za watu: Uzunguni upande wa ufukweni, Uhindini katikati, na Kariakoo ikawa ya Waafrika. Kati ya Kariakoo na Uhindini wakaacha uwanja wazi, Mnazi Mmoja, ili pande hizo zisigusane. Kariakoo yenyewe ilipata jina lake kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, waliokuwa na kambi yao pale. Migawo hiyo imefutwa katika sheria. Katika vikombe, alama yake bado inaonekana, na leo imekuwa neema kwa mtembezi.

Kariakoo utaikuta kahawa nyeusi, chungu, ndani ya vikombe vidogo visivyo na mkono. Birika la bati au la shaba hukaa juu ya jiko dogo la mkaa, na muuzaji hutangaza biashara yake kwa kugonganisha vikombe, si kwa sauti ya kinywa. Pembeni kuna kashata za karanga na za nazi, kwa kuwa uchungu wa kahawa unataka kitu cha kuupoza. Viti ni benchi moja au mawili, kreti lililogeuzwa, na ngazi ya duka la mtu ambaye hajaja kufungua. Hapo hakuna orodha ya bei wala mhudumu. Kuna salamu, sarafu, na nafasi unayosogezewa.

Ukivuka Mnazi Mmoja ukaingia mitaa ya Kisutu, Jamhuri na Zanaki, kikombe hubadilika. Hapa ni chai ya maziwa, iliyochemshwa pamoja na majani yake na iliki, ikaletwa na kachori, bajia au sambusa zilizotoka mafutani sasa hivi. Wapo watu wazima wanaokaa meza ileile kila siku na kusoma gazeti lilelile kwa zamu. Mgeni akikalia kiti cha mmoja wao hatafukuzwa. Ataelekezwa kwa upole kiti kilicho jirani, na hapo mazungumzo yatakuwa yameshaanza.

Kisha ukishuka hadi Kivukoni utapokelewa na harufu ya bahari na ya samaki wa Soko la Feri. Mama lishe hawa wameshaamka tangu alfajiri pamoja na wavuvi. Supu ya samaki yenye ndimu, chapati, na chai ya rangi yenye tangawizi ndiyo futari ya wale ambao usiku wao ulikuwa kazini baharini. Ukikaa hapo ukatazama pantoni likienda na kurudi Kigamboni, utafahamu kwa nini watu husema kwamba mji una mlango. Na hatua chache kutoka hapo, katika majengo ya ofisi, kuna migahawa mipya yenye viyoyozi na mashine za kukamulia kahawa, ambako buni za Mbinga, Mbozi na Kilimanjaro, zilizozoea kupanda meli, sasa husagwa na kunywewa nyumbani. Bei ya kikombe huko yaweza kulingana na chakula cha mchana cha mtu wa Kariakoo. Hatuwalaumu waendao. Tunasema tu kwamba raha ya kugundua mji haipimwi kwa bei ya kikombe.

Na mtu atautambuaje mgahawa mzuri katika mji asioujua? Tumewauliza waliotangulia, na majibu yao yanakaribiana. Tazama kama maji ya kunawa yapo na ni masafi. Tazama kama mwenye mgahawa yupo mwenyewe, kwani pale mwenyewe alipo, mteja huwa mgeni wake. Tazama walioketi: wakiwamo wazee na vijana pamoja, mahali hapo pana adabu, maana mzee hakai anapotukanwa wala kijana hakai anaposimangwa. Sikiliza kinachotokea adhana inapotoka. Wako wauzaji ambao hufunika birika, husogeza jiko kando na kuondoka, wakijua kwamba hakuna atakayeiba kikombe. Mwisho, nenda saa ileile siku tatu mfululizo. Siku ya kwanza wewe ni mpita njia, siku ya pili ni yule wa jana, na siku ya tatu utaulizwa jina.

Hapa pana jambo ambalo wageni wa zamani hawakulihitaji sana, na wa leo wanalihitaji. Kariakoo ya baba zetu ilikuwa ya nyumba za Kiswahili: ukumbi mrefu katikati, vyumba pande mbili, uwani nyuma, na mbele kibaraza cha saruji kilichoelekea barabarani. Mpangaji mpya hakuhitaji kutafuta mahali pa kukaa. Alitoka chumbani mwake, akakaa kibarazani, na mtaa mzima ukamwona. Mkewe alikuwa na uwani, palipopikwa, palipofuliwa na palipozungumzwa. Katika vikao vya namna hiyo watu walijuana, wakaoana, wakazikana, na hata siasa ikazaliwa. Mwalimu Nyerere alipokuwa akifundisha Pugu katika miaka ya 1950, naye alikuwa mgeni katika mji huu. Wenyeji wa Kariakoo, akina Abdulwahid Sykes na Dossa Aziz, walimpokea, na tarehe 7 Julai 1954 TANU ikaasisiwa katika mitaa hiyohiyo.

Nyingi ya nyumba hizo sasa zimevunjwa. Mahali pake yamesimama maghorofa, chini maduka, juu stoo na makazi. Hatulii juu ya hilo, kwani mji hukua na watu wanahitaji biashara. Lakini tujue kilichopotea. Kibaraza kimekuwa fremu ya duka, na uwani umekuwa ngazi. Mwanamume aliyehamia ghorofa ya tano amekipata kibaraza kingine, nacho ni mgahawa na benchi la kahawa. Mwanamke aliyehamia naye amepata nini badala ya uwani?

Tunauliza kwa sababu tunaijua familia moja, miongoni mwa nyingi, iliyohamia kutoka Tabora. Mume alipata kazi katika duka la vitambaa. Baada ya mwezi mmoja alikuwa na marafiki, na baada ya miwili, muuzaji kahawa alimmiminia kabla hajaketi. Akina mama wa msikitini walipomtembelea mkewe katika mwezi wa nne, aliwaambia kwamba katika Dar es Salaam yote anajua ngazi, duka la mkaa na chumba chake. Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. Mtoto wao wa miaka mitatu alikuwa amezoea kuuona mji kupitia nondo za dirisha. Mume, kila usiku baada ya Isha, alikuwa akirudi saa nne akiwa na habari za mji mzima.

Mume huyu hakuwa mtu mbaya. Alileta chakula, alilipa kodi, hakupiga wala hakutukana. Alikuwa amesahau tu kwamba waliohamia walikuwa watatu.

Wanafunzi wa sira wanalijua tukio la Salman na Abu Dardaa, Allah awawie radhi, waliofungwa udugu na Mtume (s.a.w.) mjini Madina. Salman alimtembelea nduguye, akamkuta mkewe katika hali iliyoonyesha kwamba ameachwa kando, kwa kuwa mume alishughulishwa na ibada usiku na mchana. Salman akamkumbusha kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na ahali zake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Mtume (s.a.w.) alipoelezwa, akasema kwamba Salman amesema kweli. Sasa tupime wenyewe. Ikiwa swala za sunna na saumu hazikuwa udhuru wa kuisahau nyumba, je, drafti na kahawa?

Yule bwana wa Tabora alizungumziwa na mzee mmoja wa palepale bencini, kwa staha, bila kuaibishwa mbele ya wenziwe. Jumapili iliyofuata alimshika mtoto mkono, na wote watatu wakashuka kwa mguu kuelekea baharini. Walikosea njia mara moja. Walikaa mahali pawili pasipowafaa, pamoja pakiwa na kelele za televisheni na pengine pakiwa na macho mengi. Mahali pa tatu walimkuta bibi mmoja wa Kitanga auzaye chai na mkate wa kumimina katika chumba kidogo chenye meza nne, moja ikiwa nyuma ya pazia jepesi. Bibi yule alimwita mtoto mjukuu, akamuuliza mama yake kwao ni wapi na kwao mkate hupikwaje. Leo mama huyo anajua njia ya kwenda na kurudi peke yake. Amewajua wanawake watatu wengine kwenye meza ile ya nyuma ya pazia, na mmoja wao ndiye aliyemwonyesha madrasa ya mtoto. Hatusemi kwamba mambo yao yote yamenyooka. Kodi ingali kubwa na chumba kingali kimoja. Tunasema kwamba sasa mji ni wa wote watatu.

Kutokana na hayo tuna maneno matatu.

La kwanza ni kwa akina baba. Raha ya kugundua mahali pazuri katika mji mgeni ni raha ya halali, na halali huongezeka ladha ikigawanywa. Ukipapenda mahali, jiulize kama unaweza kumleta mama wa watoto wako. Ikiwa hapana, na patafutwe pengine, mara moja kwa juma walau. Kikombe cha chai kwa wawili na andazi la mtoto si israfu. Na kwa kikao cha barabarani, yakumbukwe mafunzo ya Mtume (s.a.w.) kwamba atakayeketi njiani hana budi kuipa njia haki yake: kuinamisha macho, kuzuia maudhi, kurejesha salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Benchi lenye sifa hizo mwanamke hupita mbele yake bila kubadilisha mwendo. Lisilokuwa nazo, hata kahawa yake iwe tamu vipi, ni mtihani kwa mtaa.

La pili ni kwa wenye migahawa. Meza moja ya familia, pazia safi, televisheni iliyopunguzwa sauti, na mahali pa kunawia panapofikiwa na mtoto: hayo hayahitaji mkopo wa benki. Mteja anayekuja na watoto huagiza zaidi ya mwenye kuja peke yake, na watoto wake watakuwa wateja wako watakapokua.

La tatu ni kwa wenyeji, nasi tukiwamo. Mgeni husimama nasi safu moja, bega kwa bega, kisha baada ya salamu ya mwisho kila mtu hutafuta viatu vyake. Kumtolea salamu tusiyemjua ni katika yale tuliyofunzwa, na salamu ya mji kama huu haikamiliki bila kumwelekeza mtu mahali pa kukaa. Hodi ya kwanza hupigwa na mgeni, lakini karibu haisemwi ila na mwenyeji. Basi kila mmoja wetu aliye na mgahawa wake anaoupenda asiufiche kama siri ya biashara. Ijumaa hii, ukimwona mtu anayetazama huku na huku baada ya swala, akisita njia ya kushika, mchukue, umnunulie kikombe cha kwanza. Halafu, kabla hajakimaliza, muulize kama amekuja mjini peke yake au na familia.

Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye taufiki.